Waraka kwa wanachama: kijana anapoumizwa kwa kabila lake

Ndugu wanachama,

Nawaandikia nyote wa Nambis, Kainam, Murray na Tlawi, na wenzetu wa Hanang mnaokuja vikaoni kwa taabu ya barabara. Najua mna kazi nyingi, walimu na mitihani yenu, wahudumu wa afya na ziara za kaya, wazee na mashauri yasiyokwisha. Nina ombi moja, na mengine yote humu yanalielekea hilo. Kijana akija kwako ameumizwa kwa sababu ya kabila lake, usianze kwa kumwambia, "Achana na ukabila, sisi sote ni Watanzania."

Usemi huo una heshima yake na sitaki kuubeza. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967, na nchi hii imeepuka mengi yaliyowafika majirani. Lakini usemi uliofaa kwenye mkutano wa hadhara haufai kwenye benchi la ushauri. Kijana ametukanwa kwa kabila, kaja kulia, anajibiwa kwamba kabila si kitu. Anaondoka akiwa amejifunza kwamba linalomuuma halina mahali pa kusemewa, na kwamba hata huyu mkubwa aliyeelekezwa kwake hakumsikia. Harudi tena. Sisi tunaandika kwenye daftari kwamba shauri limefungwa.

Tukumbuke tunaishi wapi. Katika eneo hili, kuanzia nyanda za juu za Mbulu hadi bonde la Yaeda na chini ya Mlima Hanang, zinasikika lugha ambazo wataalamu wanaziweka kwenye koo tofauti kabisa: Kiiraqw ni cha Wakushi, Kidatoga ni cha Waniloti, Wanyaturu na Wambugwe ni Wabantu wa karibu, na Kihadza kimesimama peke yake na vidoko vyake. Sijui sehemu nyingine ya Tanzania ambako mtoto anaweza kwenda mnadani na kukutana na watu wa namna zote hizo kabla ya saa sita mchana. Ni utajiri, tunausema kwenye hotuba. Lakini mnadani hapohapo ndipo matusi yanapojifunzwa.

Na kila mmoja anatukanwa kivyake. Mdatoga anaitwa Mang'ati, jina walilopewa na maadui zao, na likitajwa watu wanawaza mkuki. Mhadzabe anaitwa Mtindiga, na watoto wenzake wanapiga vidoko kumwigiza. Kijana wa Kiiraqw hapa nyumbani ndiye wa kundi kubwa, haoni kitu. Akifika chuoni Dodoma au Dar es Salaam anaulizwa kama ni Mhabeshi. Binti aliyekwenda Arusha au Moshi kufanya kazi za ndani anagundua kuwa kule "Mmbulu", yaani Mwiraqw, ni kama jina la kazi. Mwenye nyumba anamwagiza dalali "niletee Mmbulu". Nimeongea na mabinti waliorudi, na wengi wao hawalalamikii ndoo wala pasi. Wanalalamika kwamba hakuna aliyewauliza jina.

Hapo ndipo zinapoingia zile habari kwamba sisi Wairaqw tulitoka nchi ya Iraki, Mesopotamia, na kwamba jina lenyewe linathibitisha. Vijana wanazipenda. Wataalamu wa lugha wanatuelekeza upande wa Ethiopia, kwa Wakushi wenzetu, na kufanana kwa majina hakuthibitishi kitu. Ila msikimbilie kumsahihisha kijana anayezisimulia. Mwulize kwanza zinamsaidia nini. Mara nyingi anatafuta mahali pakubwa pa kutoka kwa sababu amedharauliwa mahali alipo. Historia mtaisoma naye baadaye.

Niwaeleze shauri moja, nikiacha kila kitu cha kumtambulisha mhusika. Kijana wa sekondari, Mdatoga, aliletwa kwetu na barua yenye maneno mawili: mkaidi, mgomvi. Alikuwa na zile chale zinazozunguka macho. Alivaa kofia ya sufu, ameivuta hadi kwenye nyusi, mchana wa jua kali. Kila alichoulizwa alijibu "kawaida tu". Shule kawaida, nyumbani kawaida, ugomvi kawaida. Msikilizaji wetu angeweza kuendelea na somo la kudhibiti hasira, maana ndilo lililomo kwenye kabrasha la semina. Badala yake alimuuliza nani aliyemchanja. Kijana alinyamaza, kisha akavua kofia akaiweka gotini. Akasema ni bibi mzaa baba. Akaeleza jinsi alivyoshikwa kichwa, jinsi alivyoambiwa asilie kwa kuwa wenzake walikuwa wanatazama, na jinsi bibi alivyomsifu siku nzima. Baada ya hapo ndipo alipotaja jina analoitwa kila asubuhi wakiwa mstarini, na kwamba akirudisha ngumi yeye peke yake ndiye anayeandikwa na monita.

Angalieni alichokuwa anakitaka. Hakuja kutaka kuwa Mdatoga zaidi. Alitaka kuhamia shule ya mbali ambako hakuna anayemjua, na hapohapo alikuwa anaona aibu mbele ya bibi yake kwa kulitaka hilo. Hayo mawili yalikuwa yanapigana ndani yake. Angekutana na mshauri wa "sote ni Watanzania", nusu moja ingenyamazishwa. Angekutana na mshauri wa "rudi kwenye mila zako", ingenyamazishwa nusu ya pili. Kazi yetu ni kuziacha zote mbili ziseme hadi zichoke, ndipo kijana mwenyewe aamue afanye nini Jumatatu. Na mwalimu naye aambiwe habari ya jina lile la mstarini, maana pale mgonjwa alikuwa darasa zima.

Wapo kati yetu wanaodhani ushauri unaozingatia utamaduni maana yake ni Mwiraqw amsikilize Mwiraqw na Mdatoga amsikilize Mdatoga. Sikubaliani nao, na wazee wetu hawakubaliani nao pia. Tangu zamani Mwiraqw aliyeshindwa na ugonjwa alivuka mpaka na kwenda kwa mganga wa Kidatoga, akiamini kwamba nguvu ya uponyaji iko kwa mgeni. Mnorwei Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huku kwetu, aliandika juu ya desturi hiyo mwaka 1999, akaonyesha kuwa hata hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 kwa mikono ya Walutheri wa Norwei, ilipokelewa kwa mlango uleule: dawa ya watu wengine. Kuvuka kabila kutafuta tiba ni desturi yetu wenyewe, hatukuletewa na semina.

Tena kuna sababu ya kawaida kabisa. Huku kwetu mtu wa kabila lako mara nyingi ni wa ukoo wako, au mkewe ni shangazi yako, au mnaimba kwaya moja. Ukimwambia siri saa nne, saa kumi ipo kisimani. Binti mmoja aliniambia wazi kwamba angeongea na yeyote asiyejua nyumbani kwao ni wapi. Kwa hiyo msipange watu kwa kabila. Mwulize kijana: "Ungependa kuongea na nani, na nani hutaki asikie?" Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza.

Lugha ni shauri jingine. Mtu anaweza kutaka msikilizaji wa mbali, lakini maneno ya uchungu bado yakawa ya nyumbani. Wenzetu wa Hanang mliokuwepo Katesh baada ya maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023 mnalijua hili: hasara mtu anaieleza kwa Kiswahili, marehemu anamlilia kwa lugha ya mama. Vijana wetu wengi walichapwa wakiwa wadogo kwa kuongea kilugha shuleni, majina yao yakiandikwa kwenye karatasi ya monita. Akikaa mbele yako, anajichunga. Mwambie mapema kwamba akikwama aseme kwa lugha yake, hata kama huijui. Atakutafsiria mwenyewe akitulia. Wala usimtumie mdogo wake awe mkalimani. Mtoto asibebeshwe mambo ya kaka yake.

Maswali yapo, hatuhitaji kuyabuni kutoka hewani. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliweka kwenye mwongozo wake maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa namna yeye na watu wake wanavyouelewa ugonjwa: wanauitaje, wanaona umesababishwa na nini, wamekwishajaribu tiba gani, wanatarajia nini kwako. Nayakubali, lakini kwetu nusu yake yanaulizwa na bibi yeyote kabla chai haijapoa. Na Wazimbabwe walitambua thamani ya bibi huyo mapema. Tangu mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha akina bibi mjini Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakitumia maneno ya Kishona, likiwemo lile linalomaanisha kufikiri kupita kiasi. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliokaa na akina bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi, bibi, na mafunzo mafupi yenye usimamizi. Hakuna kimojawapo kinachoshindikana Nambis.

Sasa nifike penye uzito. Kuna vijana wanaobeba mambo yaliyowapata babu zao, na shule haiyataji. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwenye tambarare za Basotu, Hanang, chini ya shirika la umma NAFCO na kwa msaada wa Kanada. Ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, zikaingia kwenye trekta, na pamoja nazo makaburi ya wazee wao, yale matuta ya heshima ambayo kwa Mdatoga ndiyo mahali pa kukutania na waliotangulia. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981; walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa kwenye rufaa. Mjukuu wa watu hao akiletwa kwako kwa "hasira zisizo na sababu", na wewe hujui habari ya Basotu, basi asiye na habari ni wewe.

Nina sababu ya kuitaja Kanada. Mwaka 1998 watafiti wawili wa huko, Michael Chandler na Christopher Lalonde, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vijana wa watu wa asili katika jimbo la British Columbia. Walikuta kwamba vijana kujiua hakukuenea sawa. Jamii zilizokuwa zinapigania ardhi yao, kusimamia shule na afya zao, na kuwa na mahali pao pa mambo ya utamaduni, zilikuwa na vifo vichache sana. Zilizonyang'anywa vyote ndizo zilizozika vijana wengi. Nchi iliyotoa somo hilo ndiyo iliyogharimia matrekta ya Basotu. Sitii neno zaidi hapo. Ninachowaomba ni kuona kwamba kijana hatibiwi peke yake chumbani. Hadzabe wa bonde la Yaeda walipopewa hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, lile lilikuwa jambo la ardhi, na lilikuwa pia jambo la afya ya akili ya watoto wanaolala bwenini Yaeda Chini, ingawa hakuna aliyeliandika hivyo.

Kwa upande wa desturi, wengi wenu mnazijua kuliko mimi, ila wageni waliojiunga karibuni wazielewe mbili tatu. Familia ya Kiiraqw iliyopatwa na jambo linalohesabiwa kuwa na mkosi, kwa mfano baadhi ya vifo, au binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, iliweza kuwekwa kwenye meeta, yaani kutengwa na majirani kwa miezi kadhaa. Kanisa limeipunguza sana, lakini hofu yake haijaisha. Ukimwita kijana wa kaya hiyo kwenye mazungumzo ya kikundi na hakuja, usiandike "hana ushirikiano". Mfuate, au mkutane pembeni. Vilevile wapo wazazi watakaoomba kikao kifungwe kwa slufay, ile dua ya wazee ambayo mmoja huongoza na wengine huitikia. Wakiomba, mzee aongoze. Wasipoomba, tusiwapangie. Kuna nyumba za wokovu ambazo slufay ni machukizo kwao, na kijana wa nyumba hiyo ana utamaduni vilevile, wa kwake ni huo.

Na wale wa mchanganyiko. Baba Mdatoga, mama Mwiraqw, shule ya Kiswahili, jina la Biblia. Koo nyingi za Kiiraqw zina asili ya Kidatoga, wazee wanazijua na huzitaja kwenye pombe, si kwenye vikao vya harusi. Kijana anayeambiwa "wewe si wetu" kwa baba na "wewe si wetu" kwa mama akipata mzee mmoja wa kumpitisha kwenye ukoo wake jina kwa jina, akaona ni wangapi kabla yake walivuka, anapata ahueni ambayo mimi na makabrasha yangu hatuwezi kumpa. Naomba wazee mliopo kwenye umoja huu mjitolee kwa kazi hiyo. Mjue tu kunyamaza anapouliza kwa nini mambo hayo yalifichwa.

Kuna mipaka. Heshima kwa mila haifiki kwenye wembe wa ngariba. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta kwamba Manyara ilikuwa ikiongoza nchini, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa wamekeketwa, na sheria tangu mwaka 1998 inaukataza ukeketaji kwa msichana wa chini ya miaka 18. Binti akikwambia amepangiwa, hapo hakuna kumuuliza utamaduni wake unasemaje. Unampigia afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, au namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo ni ya bure. Anaweza kuwa bado anaipenda familia yake na bado anataka kuwa Mwiraqw. Hilo mtaliongea akiwa salama.

Mpaka wa pili ni kijana anayesema hataki kuishi. Mwulize waziwazi, kwa maneno ya moja kwa moja, kama amefikiria kujiua na kwa njia gani. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoeni dawa za mifugo na za shamba karibu naye, mpelekeni hospitali, iwe ya Mbulu au Haydom. Familia zitataka kuficha, na zina sababu: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Waelezeni kwamba daktari anatafuta kumponya. Hapo uzito wa kabila unasubiri. Ukiuponya utambulisho wake ukamkosa mwenyewe, umefanya nini?

Sasa maagizo, maana waraka bila maagizo huishia kufungia vitumbua. Kuanzia mwezi ujao fomu yetu ya kwanza isiwe na kisanduku cha kabila cha kujazwa na msikilizaji kwa kumtazama mtu sura. Iwe na nafasi ya kijana kujieleza mwenyewe, na aruhusiwe kuiacha wazi. Walimu wa malezi mkaongee na walimu wakuu wenu juu ya majina ya mstarini. Jina la dharau lihesabiwe kosa kama ngumi inavyohesabiwa. Mwenye benchi nyumbani alilete, tuliweke chini ya mti nje ya ofisi, pawe mahali mtu anaweza kukaa bila kuonekana kaingia "kwa wagonjwa".

Jambo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Tunao wasikilizaji wengi wa Kiiraqw, wachache mno wanaoongea Kidatoga, na hatuna hata mmoja anayeongea Kihadza. Kila mwanachama aje kwenye kikao kijacho na jina la mtu mmoja, mzee au kijana, wa jamii hizo mbili, anayeaminiwa na watu wake na aliye tayari kufundishwa. Mwambieni kabla ya kuja kwamba nauli yake tutailipa.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti